Mwaka Niliofua Nepi Salale

Siku ya tatu ya msiba wa mke wangu Mwantumu nilikuwa nimekaa kwenye jamvi barazani, hapa nyumbani Kibiti, nikasikia wanawake wakicheka uani. Kucheka msibani si dhambi. Mtu hawezi kulia mfululizo, na Mwenyezi Mungu ametuumba na vyote viwili. Kilichonifanya nitege sikio ni jambo walilokuwa wakilicheka. Mjukuu wangu Rehema alikuwa akimbadilisha mwanawe pampasi, na bibi mmoja aliyekuja kutoka Salale kwa ajili ya hitima akamwambia kwa ile sauti ya watu wa deltani, waliozoea kuitana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo: "Nyie mmezoea kutupa tu. Babu yenu alifua nepi kwa mikono yake, mchana kweupe, mpaka uimamu wakamvua." Rehema akauliza, "Babu? Babu yupi?" Bibi akajibu, "Huyu huyu mnayempelekea chai." Wakaangua kicheko ambacho hata mimi, mfiwa, kilinifanya nitabasamu.

Miaka yote hiyo sikulisimulia jambo hili, wala si kwa aibu. Mwantumu ndiye aliyeniomba. Hakutaka watoto wamfahamu kwa maradhi yake, na ombi lake nililiheshimu hadi siku tulipomlaza ubavu wake wa kulia na kumwelekeza kibla. Sasa hana tena la kuficha, na mimi sina muda mrefu wa kusubiri. Naandika ili mambo yaeleweke yalivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke akijua anachokicheka. Radhi sitaomba popote katika kurasa hizi. Nimemwomba Mola wangu msamaha kwa mengi, lakini kwa hili sijawahi.

Ilikuwa katika ile miaka ya ruksa. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakumbuka: juzi tu tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni na khanga kwenye duka la ushirika, na mara kila boti iliyofunga kwenye gati la Nyamisati ikawa inashusha kitu kipya, mitumba, redio, biskuti, ndoo za plastiki za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mmatumbi wa milimani, nimemaliza kusoma kwa shehe wangu hapa Kibiti, nikapelekwa Salale kusalisha katika msikiti mdogo na kufundisha watoto chuoni. Msikiti ulinipa mimi na Mwantumu chumba na ukumbi, kuta za udongo zilizoshikwa na fito za mikoko, sakafu imeinuliwa kwa udongo ulioletwa kwa mitumbwi ili bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yasifike kitandani. Mchana ukijilaza ulisikia kaa wakikwaruza chini ya ukuta. Tulikula wali wa mpunga mpya kwa uduvi, wale kamba wadogo wasiozidi ukucha, waliokaangwa kwa nyanya na kumiminiwa tui. Harufu ya wali ule sijaipata tena mahali popote, na kila nikiukumbuka nasema alhamdulillahi kwamba niliwahi kuula.

Mwantumu alijifungua mwishoni mwa masika. Uchungu ulimshika siku mbili. Tulimtoa kwa boti hadi Nyamisati, na kwa gari hadi hospitali, akarudi akiwa hai na mapacha wawili hai, Kurwa wa kiume na Doto wa kike. Kwa hilo peke yake nilistahili kusujudu hadi leo. Lakini mguu wake wa kulia uligoma kabisa, wa kushoto uliitika kwa shida, na daktari alisema asichuchumae, asibebe ndoo, alale tu na kungoja, huenda miezi, huenda mwaka. Mama mkwe alikuja akakaa nasi hadi arobaini. Alikuja na fuko la khanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa miaka na miaka, akazichana vipande vya mraba na kuzipinda kingo kwa sindano, akisema mtoto mchanga havalishwi kitambaa kipya. Zilipatikana nepi arobaini na mbili. Maandishi ya khanga yalikatwa katikati, ikawa kila mtoto anavaa nusu ya neno. Siku ya arobaini na moja mama mkwe aliniita, akaongea nami akiwa nyuma ya pazia kama ilivyo adabu kwetu. "Mkwe wangu, ndege wameshaingia kwenye mpunga wangu, siwezi kukaa. Nimekuachia nepi, nimekuachia na mwanangu. Mtu wa kukufulia mtafute." Sikumpata. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mavuno, wanawake wamehamia mashambani, na waliobaki walikuwa na watoto wao na wajukuu wao.

Basi nikafua mwenyewe, uani, katika ndoo moja, kwa elimu niliyokuwa nayo. Elimu yangu ilikuwa ya kitabu. Nilijua kwamba mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala kitu ila maziwa unatosha kunyunyiziwa maji, na wa mtoto wa kike lazima uoshwe. Nepi za Doto nikazifua, na zile za Kurwa zenye mkojo nikazinyunyizia maji na kuzianika, nikajiona nimeokoa maji kama mwanachuoni. Siku ya tatu jirani yetu Bi Sikujua, mjane aliyekuwa kungwi wa nusu ya wanawake wa pale, alisimama kwenye uzio akakunja pua. "Maalimu, nini kimekufia humo ndani?" Nikamweleza hukumu. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. "Hukumu hiyo ni ya kuswalia," akasema. "Mungu ameshakubali. Makalio ya Kurwa bado. Zilete hizo nguo, Mmatumbi weye, nikuonyeshe. Nitakufundisha, ila kukufulia sikufulii. Nina mpunga."

Mahali pa kufulia palikuwa ukingoni mwa mto, chini ya mikoko, ambapo mbao mbili za mtumbwi uliovunjika zililazwa juu ya tope. Mwanamume hakukanyaga pale. Alipita mbali, tena akikohoa ili wanawake wajisitiri. Mimi nilikohoa, nikapiga hodi, nikashuka na beseni langu. Bi Sikujua alinionyesha namna ya kukwangua kwanza kwa kijiti, kisha kufikicha kwa sabuni ya mche, akaniacha nimalizie mwenyewe. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye mizizi, maji mengi ya kuvutia, nikasuuza humo kwa raha. Nepi zilikauka kwa jua la kiangazi zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Baada ya siku nne za kufua hivyo watoto wote wawili walikuwa wekundu kuanzia kiunoni hadi magotini, ukiwagusa wanapiga kelele, na mama yao analia nao kwa sababu hawezi hata kuinuka awabembeleze. Bi Sikujua akaja, akachukua nepi moja kwenye kamba, akailamba pembeni. Aliilamba, wallahi, nikimwona. "Chumvi," akasema. "Umesuuza maji ya kujaa. Nani kakwambia usuuze maji ya kujaa?"

"Yalikuwa mengi," nikajibu.

"Ya bahari hayo! Yamepanda tu. Sie tunangoja yapwe. Yakipwa sana bahari inaondoka, mto unashuka na maji yake ya bara. Unayaonja, ukiona matamu, ndiyo unasuuza. Muda wake mfupi, kama wa swala ya magharibi. Ukichelewa, mpaka kesho. Nyie watu wa milimani maji mnayoyajua ni ya kisima, hayaendi wala hayarudi."

Nikajifunza. Kupwa hakukai saa ile ile. Kila siku kunasogea mbele, leo kabla ya adhuhuri, kesho baada yake, na mtu anayesalisha vipindi vitano akiwa pia na nepi za mapacha hulazimika kuzijua saa mbili kwa pamoja, ile ya jua na ile ya maji. Nilikuwa nikitoa salamu ya swala, nakunja kanzu, nashuka mtoni, nachovya kidole na kukilamba. Lakini ngozi za watoto zilikuwa zimeshaharibika na zilipona polepole mno, na hapo ndipo pampasi zilipoingia nyumbani kwetu.

Bwana Kassimu alikuwa tajiri wa kamba kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na kituo pale, masanduku makubwa ya barafu, vibarua, na boti ya mashine iliyopeleka kamba Nyamisati. Alikuwa mtu mkarimu, sitaki msomaji amfikirie vinginevyo; ndiye aliyeahidi mabati ya msikiti wetu. Siku moja alikuja kunisalimia, akasikia kilio chumbani, akauliza, nikamwambia. Boti iliyofuata ilileta maboksi mawili. "Maalimu, dunia imefunguka, bwana!" akasema huku akichana boksi. "Mke wangu Dar hajui hata kamba ya kuanikia iko upande gani wa nyumba. Unamvalisha mtoto, akimaliza unamvua, unatupa. Basi."

"Natupa wapi?"

Alicheka, akanyoosha mkono. "Maalimu! Na mto wote huu?"

Sitadanganya. Majuma yale matatu yalikuwa ya raha. Ngozi za watoto zilipona, nilipata muda wa kufungua vitabu vyangu, na Mwantumu alicheka kwa mara ya kwanza tangu kujifungua, alipomwona Doto amevaa lile vazi jeupe lililovimba nyuma, anafanana na bata. Nilizitupa mtoni kila maji yalipoanza kupwa, nikiamini zinakwenda baharini, na bahari ni kubwa. Mtu aliyechekwa kwa kutojua kwamba maji yanaondoka na kurudi, alikuwa amesahau tena kwamba yanarudi. Nimelitafakari hilo miaka mingi. Saa ya maji niliijua kwa ajili ya nguo zangu tu. Nilipokuwa na kitu cha kutupa, elimu yote iliniruka.

Asubuhi moja nilikuwa natawadha kwenye pipa la msikiti, wakaja Bi Sikujua na wanawake wawili, wamelowa hadi kifuani kutoka kutanda uduvi kwa vyandarua kwenye vijito vya mikokoni. Bi Sikujua alitua ndoo mbele ya miguu yangu.

"Maalimu, tumevua."

"Mashaallah. Uduvi?"

"Tazama mwenyewe."

Zilikuwa pampasi tisa. Zilikuwa zimevimba na kupasuka, na ndani yake umetoka ute mweupe unaovutika kama wa bamia, na kwenye ute ule wamenasa uduvi kwa mamia, wamekufa, macho yao madogo meusi yametapakaa humo kama punje za pilipili manga. Mmoja wa wale wanawake akainama kana kwamba anachunguza. "Hizi za Kurwa au za Doto? Maana mwenzetu una hukumu mbili." Wakacheka wawili. Bi Sikujua hakucheka. "Tumetanda tangu alfajiri," akasema. "Hiki ni kitoweo cha nyumba tatu, na kijito kizima kimejaa, zimening'inia kwenye mizizi kama popo. Sasa niambie weye uliyesoma. Tule?" Akachota maji ya pipa kwa kata, akayaangalia, akayamwaga. "Na haya unayotawadhia yanatoka mto huo huo," akasema, akaondoka, akaniachia ndoo.

Nilikwenda kijitoni nikaziokota zote nilizoziona. Nikachimba shimo nizizike. Pale Salale ukichimba kiasi cha mkono hadi kiwiko unakuta maji, nikazifukia hivyo hivyo, na bamvua iliyofuata ikazifukua na kuzileta hadi kwenye kizingiti changu, kama jamaa waliosahauliwa. Nikazichoma. Nje ziliyeyuka na kutoa moshi mweusi uliowakohoza watoto wa chuo, ndani zikabaki mbichi. Nilikaa nikizitazama zile zilizogoma kuoza na kugoma kuungua, nikajiuliza ni kitu gani hiki ambacho maji hayakitaki, udongo haukitaki, na moto haukitaki. Siku ile ile nikazitoa nepi za mama mkwe sandukuni, nikambebea Bwana Kassimu boksi lililobaki halijafunguliwa, nikamshukuru mbele ya vibarua wake, nikamwambia sitaweza.

Juzi nimemweleza Rehema haya. Yeye ni muuguzi, amesoma, na hanyamazi. Simlaumu, ni damu ya bibi yake. "Babu," aliniambia, "na nepi za kitambaa nazo zina gharama zake. Sabuni inakwenda mtoni. Maji yanakwenda. Mimi nina zamu, nani afue?" Ana haki katika kila neno. Sijawahi kumwambia mama yeyote mwenye zamu, au mwenye maradhi, au asiye na maji, kwamba afanye nilivyofanya, na sabuni ya mche niliyoimwaga mtoni mwaka ule nitaulizwa. Lakini aliponiuliza, "Sasa tofauti iko wapi?" nilimjibu, na jibu langu halijapungua tangu siku nilipozichoma pampasi zile. Nepi zile arobaini na mbili zililea Kurwa na Doto na wadogo zao wawili, zikawa matambara ya kufutia taa, zikachakaa, zikaoza. Leo huwezi kunionyesha hata uzi wake mmoja. Pampasi zile nilizozifukia upya baada ya kugoma kuungua, na zile nisizoziona, ziko bado kwenye tope la Salale, na zimeishi zaidi ya Mwantumu. Tembea hapa Kibiti mvua zikianza, uone mfereji wa barabarani unavyozitapika, mbwa wanaziburura, ng'ombe wanazitafuna. Kila mmoja aliyezitupa alinyoosha mkono na kusema, na mahali pote hapa? Na kila nyumba ninayoiuliza kwa nini, naambiwa hakuna wa kufua, na ukichungulia barazani utaona wanaume watatu wanacheza bao. Hapo ndipo wananikasirikia. Wakasirike tu.

Maana hilo la mwanamume kufua ndilo lililonifikisha mbele ya Mzee Ngwele. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msikiti wetu, mtu mpole, mkulima mzuri, aliyenipenda. Baada ya swala ya alasiri siku moja aliwazuia wazee wenzake barazani, na mimi nikakaa mbele yao. Alianza kwa mbali, habari za mavuno, habari za wagonjwa, kisha akafika.

"Maalimu, umemrudishia mtu zawadi yake mbele ya vibarua wake."

"Nilimrudishia kwa shukrani, mzee wangu."

"Shukrani gani inabebwa na boksi kichwani?" Wazee wakaguna kwa kicheko. Yeye akainua mkono. "Hilo la Kassimu litapoa. Mie sina neno na nepi. Nina neno na imamu anayechuchumaa kati ya wanawake akisugua mavi ya watoto. Wageni wanakuja, wanamwuliza imamu, wanaambiwa yuko mtoni anafua. Watu wanaswali nyuma yako. Ukiinua mikono kupiga takbiri, wanafikiria nini?"

"Wafikirie maji," nikasema. "Maji yametakasa kila kilichokuwa mikononi mwangu, kama yanavyotakasa chenu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishona viatu vyake na kuwahudumia watu wa nyumba yake."

"Hakuwa Salale," akajibu mzee mmoja, nao wakacheka tena. Mzee Ngwele akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko ukali. "Mwanangu, chagua. Chukua zile pampasi, mambo ya kutupa tutajua wenyewe. Au tafuta mwanamke akufulie. Hutaki, basi mbele tutamweka mwingine, na chumba kile ni cha imamu. Una siku mbili."

Nilirudi nyumbani na hofu, nakiri. Chumba kile kilikuwa ndicho tu tulichokuwa nacho, mke wangu hawezi kutembea, watoto wana miezi mitatu. Na kusalisha kulikuwa ni kitu pekee nilichokitamani tangu nikiwa mdogo. Nilikisomea miaka tisa nikila mihogo ya kuchoma. Nilikaa pembeni mwa kitanda nikamwambia Mwantumu kila kitu, nikijua moyoni kwamba akisema tukubali, nitakubali na kumshukuru. Alikuwa ananyonyesha. Alingoja mpaka Doto akaachia ziwa. "Baba Kurwa," akasema, "mie siwezi kusimama. Simama wewe."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, nilisimama mbele ya jamaa wote wa msikiti nikasema kwamba nitaendelea kufua nguo za wanangu mahali ambapo watu wa Salale hufulia, kwa sabuni na maji ya kupwa, na kwamba mtoni sitatupa tena kitu kisichooza. Kama hilo linanitoa mbele, nitaswali nyuma. Alasiri ile alisalisha kijana mmoja mwenye sauti nzuri, nami nikaswali safu ya mwisho karibu na viatu. Tulihamia kibanda ambacho Bi Sikujua alikuwa akiwekea mpunga wake. Tulilala kati ya vilindo, yale mapipa ya magome ya kuhifadhia mpunga, mavumbi ya pumba yanatuwasha shingoni, panya wanatukanyaga, na Bi Sikujua anapita kila asubuhi akiuliza kupitia ukutani, "Mmatumbi, panya wangu hawajambo?" Mabati ya Bwana Kassimu yalifika, msikiti ukaezekwa, na mvua haikuwanyeshea tena watu wakiwa wamesujudu. Namwombea kheri kwa hilo kila mara.

Nilidhani nimeishiwa kazi. Lakini wanawake waliporudi kutoka mavunoni, mmoja wao alishuka mtoni na watoto wake wawili, akawaketisha kwenye mzizi wa mkoko. "Maalimu, mikono yako ina kazi, mdomo wako hauna. Wasomeshe." Wiki iliyofuata walikuwa kumi na mmoja. Saa ya darasa ikawa saa ya kupwa, na kila siku ilisogea mbele pamoja na maji. Nilifikicha, wao wanasoma, nilikamua, nikawasahihisha, aliyekosea herufi alisuuza nepi moja, na wavulana ndio waliokosea zaidi, nadhani kwa kupenda kuchezea maji. Wanaume waliopita kwa mitumbwi walitupigia kelele, "Chuo cha Nepi hoyee!" na watoto wakawaitikia hoyee bila kujua wanatukanwa. Juzuu ya Amma nzima waliihifadhi pale topeni. Wawili kati yao leo wanasalisha misikitini, na wanajua kufua.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kabla masika hayajaanza tena, Mwantumu alisimama. Kwanza kwa fimbo, hatua tatu, kisha hadi mlangoni, kisha bila fimbo. Habari zilienea haraka, na asubuhi moja Mzee Ngwele alikuja mwenyewe kibandani. Tulimpa kahawa. Alimtazama Mwantumu akipita na birika, macho yakamlenga machozi, na najua yalikuwa ya kweli. "Alhamdulillahi," akasema. "Shida imekwisha. Tunakutaka mbele, Maalimu. Yule kijana anaondoka. Chumba chako kipo. Ijumaa simama, useme neno moja tu mbele ya jamaa, kwamba ilikuwa dharura. Kila mtu atakuelewa. Dharura inaruhusu mengi, wewe ndiye uliyetufundisha."

Ndiyo, mimi ndiye niliyewafundisha. Dharura humruhusu mwenye njaa ya kufa kula kilichoharamishwa. Nikisema dharura, nimesema nepi za wanangu zilikuwa nyamafu niliyoila kwa kukosa chakula, na kila mwanamume wa Salale angengoja mkewe apooze kabla hajagusa nepi, na wakati anangoja angetupa mtoni. Niliitaka ile nafasi ya mbele. Niliitaka kiasi kwamba neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Haikuwa dharura, mzee wangu," nikasema. "Ilikuwa kazi ya nyumbani kwangu."

"Neno moja tu, Maalimu. Utakaa bila msikiti kwa ajili ya neno moja?"

"Nitakaa."

Alimaliza kahawa yake, akatuombea dua, akaondoka bila hasira. Hakuna aliyeniita tena kusalisha, si Salale wala hapa Kibiti, na maisha yangu yote nimeswali nyuma ya watu wengine, wema na wa kawaida, na swala zangu Mungu anazijua. Asubuhi ile nje mto ulikuwa umeanza kushuka, mizizi ya mikoko inajitokeza mmoja mmoja. Nikainama kuchukua beseni. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake miwili, amenyoosha mikono.

"Nimeshapona," akasema. "Lete."

"Najua umepona," nikamwambia, nikalipandisha beseni kichwani, nikashuka mtoni.